Rumba iko na karatasi yake, nyimbo za bibi zetu je?

Jioni hapa Mongbwalu, wachimbaji wakisha kutoka ku shimo, rumba inasikika ku kila nganda. Ile rumba iko na karatasi: tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika ku orodha ya urithi wa binadamu. Kinshasa na Brazzaville ndizo ziliomba pamoja.

Lakini nyimbo za Wanyali, hadithi za Walendu na Wahema, ngoma za Waalur, kazi ya chuma ya Ndo Okebo, nani anazichunga?

Sheria iko. Ni mapatano ya Paris ya tarehe 17 Oktoba 2003, na Congo iliyakubali mwaka 2010. Yanahusu urithi usioshikika kwa mkono: masimulizi, nyimbo, desturi na sikukuu, ujuzi wa pori, kazi za mikono. Kifungu cha 12 kinaomba kila Leta iandike ku daftari urithi ulio katika inchi yake. Kifungu cha 15 kinasema wenye ule urithi washirikishwe. Ni kusema, wimbo wa kijiji chetu hauwezi kuandikwa vizuri kule Kinshasa kama sisi tunanyamaza.

Tusidanganyane: mapatano hayaweki polisi nyuma ya wimbo. Mwaka 2016, kwa jirani zetu Wamadi wa Uganda, UNESCO iliweka muziki wa kinanda chao cha nyuzi ku orodha ya vitu vya kuokoa haraka, juu vijana walikuwa wanauona ni mambo ya zamani. Orodha inaamsha watu. Kufundisha watoto kunabaki kazi ya wenyewe.

Kwetu shida inazidi. Tangu vita ilirudi Djugu mwisho wa 2017, familia nyingi zilikimbia. Mzee aliyezoea kusimulia kando ya moto wake leo analala ku kambi, na wajukuu wako ku machimbo. Zahabu ikibaki chini ya udongo leo, mwingine ataikuta kesho. Wimbo ukizikwa na mwenyewe, hakuna shimo litakaloutoa.

Basi ndugu wachimbaji, simu iko mfukoni. Mukienda kusalimia bibi ao babu, muombeni ruhusa, murekodi akiimba. Andikeni jina la wimbo, luga yake, na wakati unaimbwa. Kisha muone chefu wa groupement, na ofisi ya utamaduni kule Bunia. Siku Leta itafika na daftari lake, isitukute mikono mitupu.