Mitandao ya telefone na kazi ya mapendo



Katika parokia zetu za pwani ya ziwa, tangu Kalundu mpaka Kavimvira na kupanda uwanda wa Ruzizi, kazi ya mapendo haikosi mikono. Kuna Caritas, kuna Legio Maria, kuna Xaveri na Kiro, kuna wamama wakatoliki na jumuiya za kila kartiye. Linalokosekana mara nyingi ni neno lenye kuwafikia watu wote. Tangazo lasomwa Dominika mwisho wa Misa: wazee wanalisikia, vijana wamekwisha kutoka nje. Kesho yake kijana anaandika habari ileile katika telefone: wenzake wanaisoma, lakini nyanya mwenye kulea wajukuu wanne hana habari. Hivyo msaada uliokusudiwa kuunganisha jamaa unaitenga.

Twataka kueleza hapa namna gani mitandao ya telefone, kama WhatsApp na Facebook, yaweza kusaidia mashirika ya mapendo kusema na wazee, wazazi na vijana, na mahali gani inatupasa kujihadhari.

1. Eklezya na vyombo vya habari

Wengine husema mambo haya ni mchezo wa vijana, hayamhusu padri wala katekista. Eklezya haikufikiri hivyo. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI alifungua Radio Vatikano, iliyojengwa na Marconi mwenyewe. Mwaka 1957 Pio XII aliandika barua Miranda Prorsus juu ya sinema, radio na televisheni. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati Inter Mirifica, ukaagiza iwepo kila mwaka siku moja ya kuombea na kufikiri kazi hiyo. Siku ya kwanza ilifanyika tarehe 7 Mei 1967. Benedikto XVI alituma ujumbe wake wa kwanza katika mtandao ulioitwa Twitter tarehe 12 Desemba 2012. Na tarehe 28 Mei 2023 ofisi ya Vatikano yenye kushughulikia mawasiliano ilitoa mafundisho marefu juu ya mitandao, ikachukua mfano wa Msamaria mwema.

Mfano huo watosha kutuongoza. Haikuulizwa kama Msamaria anajulikana na watu wengi. Iliulizwa nani alikuwa jirani wa yule aliyelala njiani. Basi shirika la mapendo lisijisifu kwa hesabu ya watu waliotazama picha zake. Lijiulize: nani amesaidiwa, na nani hakusikia?

2. Vizazi vitatu, masikio matatu

Wavuvi wetu wajua kwamba ndagala na sangala hawavuliwi kwa wavu mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa watu.

Wazee. Wengi wana telefone ndogo ya kupigia tu, au hawana kabisa. Wanayo radio, tena wanayo masikio yenye kutambua sauti. Mzee haamini karatasi isiyo na mwenyewe. Anaamini sauti anayoijua, hasa ikisema Kivira, Kifuliiru au Kibembe chake. Kwa hiyo ujumbe wa sauti wafaa kuliko maandiko. WhatsApp inayo njia hiyo tangu mwaka 2013. Mjukuu anafungua telefone yake, babu anasikiliza, wote wawili wamepata habari.

Wazazi. Hawa ndio wenye kazi nyingi: soko, shamba, karo ya shule, mgonjwa nyumbani. Hawana nafasi ya hotuba ndefu. Wanataka kujua siku gani, saa gani, mahali gani, nani mwenye madaraka, na feza za mara ya mwisho zilitumika namna gani. Ukiwajibu maswali hayo kwa mistari mitano, watasoma. Ukiwatumia kila asubuhi picha za maua na salamu, watafunga masikio, na siku ya habari kubwa hawatakusikia.

Vijana. Wanapenda picha na filamu fupi, nao wanazijua kuzitengeneza kuliko sisi. Lakini tusikosee: kijana hatafuti picha tu, anatafuta kazi ya kufanya. Ukimwambia «Sikiliza,» anapita. Ukimwambia «Njoo utusaidie kubeba bidoni za maji kwa wajane,» anakuja, tena analeta wenzake.

Hata hivyo umri hausemi yote. Mwalimu wa zamani mwenye miaka 70 aweza kusoma Facebook kila siku. Mvuvi wa miaka 20 aweza kukosa feza ya kununua mega. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia, katekista na apite nyumba kwa nyumba, aandike katika daftari: huyu anasikia kwa kanisa, huyu kwa radio, huyu kwa telefone. Daftari hilo lina faida kuliko telefone ya bei kali.

3. Tuchukue mfano

Wote tunakumbuka mwezi wa Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaua watu, ukaharibu mitambo ya maji ya Regideso. Tena kipindupindu ni mgeni wa siku nyingi katika Uvira, na maji machafu ndiyo mlango wake. Tuseme basi kamati ya Caritas katika kartiye moja ya Kavimvira inataka mambo mawili: kufundisha watu kutia dawa katika maji ya kunywa, na kukusanya msaada kwa jamaa waliobomolewa nyumba.

Neno ni moja, lakini litavaa nguo tatu. Kwa wazee: sauti ya mzee mwenzao, isiyopita dakika moja, ikisema katika lugha ya nyumbani. Kwa wazazi: maandiko mafupi yenye siku, mahali na jina la mwenye madaraka, na baada ya juma moja, hesabu ya vilivyoingia na vilivyotoka. Kwa vijana: wao wenyewe wapige picha ya namna ya kupima dawa ya maji, kisha waende kuwaonyesha majirani kwa mikono yao.

Tena liko jambo la maana zaidi. Mzee asiwe wa kufundishwa tu. Yeye ndiye anayejua mto ulipita wapi zamani, na pahali gani wababu walikataa kujenga. Kijana na akae karibu naye, anase sauti yake, aipeleke kwa jumuiya nyingine. Hapo telefone haitengi tena vizazi: babu anatoa akili, mjukuu anatoa mkono.

4. Tujue chombo kinavyofanya kazi

Kikundi cha WhatsApp chaweza kupokea watu mpaka 1024. Lakini katika kikundi, kama hakikufungwa, kila mtu anasema, na tangazo la kweli linazama katika salamu mia. Iko njia nyingine: orodha ya kutangaza. Ujumbe mmoja unafika kwa watu mpaka 256, kila mmoja peke yake. Lakini unafika kwa wale tu waliohifadhi namba ya mwenye kutuma. Kwa hiyo kikundi kidogo kinafaa kwa wafanyakazi, orodha inafaa kwa waamini. Na siku ya kwanza, mwambie kila mtu ahifadhi namba ya kamati.

Ukurasa wa Facebook ni kama ubao uliotundikwa njiani: kila mpita njia aweza kuusoma, hata watoto wetu walio Bujumbura, Nairobi, Ulaya na Amerika. Wengi wao wanatamani kusaidia nyumbani, lakini hawajui wamwamini nani. Lakini chombo chenyewe ndicho kinachochagua cha kuwaonyesha watu; neno lisilojibiwa linashuka chini na kusahauliwa. Basi mtu akiuliza, ajibiwe. Shirika lenye kutangaza tu bila kujibu ni kama padri mwenye kuhubiri kila siku bila kuketi kamwe katika kiti cha maungamo.

5. Hatari tatu

Ya kwanza ni uwongo. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, Ebola ilishika watu 3.470, ikaua 2.287. Wako waliokataa waganga kwa sababu ya maneno yaliyopita mdomo kwa mdomo na telefone kwa telefone. Mwaka 2019 wenye WhatsApp walipunguza nguvu ya kupitisha ujumbe, usipelekwe mara moja kwa zaidi ya vikundi vitano. Lakini kizuizi hicho hakitoshi. Katika inchi yetu yenye vita, sauti moja ya uwongo usiku yaweza kuwatoa watu wa kartiye nzima njiani, pamoja na wagonjwa na watoto. Sheria yetu na iwe hii: mfanyakazi wa mapendo hapitishi habari asiyojua chanzo chake. Kwanza amwulize aliye pale.

Ya pili ni picha ya maskini. Tumeona picha za wajane wakipokea kilo mbili za unga, watoaji wakicheka mbele ya kamera. Bwana wetu alitufundisha sadaka ya siri. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya numeriki inalinda habari za kila mtu. Usipige picha ya mtu asiyekubali, wala ya mtoto bila ruhusa ya wazazi. Na wakimbizi wa vita, usionyeshe kamwe mahali wanapolala.

Ya tatu ni feza. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimerahisisha sadaka, zimerahisisha pia wizi. Namba ya kupokea msaada itangazwe pia kanisani kwa sauti, ili watu wapambanue namba ya kweli na ya mwizi. Watu wawili wajue kila kinachoingia, na hesabu isomwe mbele ya wote.

6. Siku telefone inaponyamaza

Tarehe 30 Desemba 2017, siku moja kabla ya matembezi yaliyoitishwa na kamati ya walei wakatoliki, serikali iliamuru kukata intaneti na ujumbe wa telefone. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 ilikatwa tena, karibu siku 20. Aliyeweka kila kitu katika telefone alibaki bila mdomo siku zile. Kwa hiyo tusivunje njia za zamani: radio, tangazo la Dominika, wakubwa wa jumuiya, na miguu ya katekista.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Eklezya iliwatangaza Wenyeheri Luigi Carrara, Giovanni Didoné, Vittorio Faccin na Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Miaka karibu 60 ilipita. Kama wazee wa kule wasingalikumbuka na kusimulia, vijana wa leo wangaliwajua namna gani? Telefone yaweza kupeleka ushuhuda mbali, lakini haiwezi kuuzaa. Ushuhuda unazaliwa na mtu aliyekaa na watu wake.

Basi, ndugu waseminari, jifunzeni chombo hiki mapema, ili mkiwa mapadri msikiogope wala msitawaliwe nacho. Nanyi makatekista, anzeni juma hili na daftari lile: majina, nyumba kwa nyumba, na njia ambayo kila mmoja anasikia. Asiyeandikwa katika daftari, huyo ndiye wa kutembelea kwanza.

Tumsifu Yezu Kristu.