Wanasesere wa shanga: Kazi ya mikono iliyofungua vinywa KwaZulu-Natal

UKIMTAZAMA kwa haraka, mwanasesere wa shanga ni kitu cha kuchezea mtoto au pambo la kumuuzia mtalii. Lakini katika vijiji vya jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanasesere alifanya kazi iliyowalemea watu wengi wenye elimu na vyeo: aliwawezesha wanawake kuzungumza kuhusu UKIMWI.

Hali ilikuwa mbaya. Mwaka 2000, zaidi ya mjamzito mmoja kati ya watatu waliopimwa katika kliniki za umma za jimbo hilo alikutwa na virusi. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa katika hospitali za serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo, maskini akiugua alirudi nyumbani kusubiri kifo.

Kusema nako kulikuwa hatari. Desemba 1998, Gugu Dlamini, mwanamke wa KwaMashu karibu na Durban, alipigwa hadi kufa siku chache baada ya kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi. Waliosikia habari hiyo walijifunza kunyamaza.

Juu ya woga huo kulikuwa na mila ya Wazulu iitwayo hlonipha, ambayo humtaka mwanamke, hasa aliyeolewa, achunge ulimi wake mbele ya mume na wakwe. Mambo ya unyumba hayatamkwi. Sasa mwanamke atajikinga vipi na ugonjwa ambao hata chanzo chake haruhusiwi kukitaja?

Jibu moja lilitoka kwenye sindano na uzi. Mwaka 1996, Kate Wells, mhadhiri wa usanifu katika chuo cha ufundi cha Natal, mjini Durban, alianzisha mradi wa Siyazama, neno la Kizulu lenye maana ya "tunajaribu". Aliwashirikisha wanawake mafundi wa shanga wa maeneo ya vijijini kama Msinga na Ndwedwe. Lengo la awali lilikuwa la kibiashara: kuboresha kazi zao ili zipate soko zuri. Kuanzia mwaka 1999, warsha hizo ziliongezewa mafunzo ya UKIMWI.

Utaratibu wake haukuwa mgumu. Wanawake walikaa pamoja wakishona huku wakisikiliza maelezo ya ugonjwa na kuuliza maswali. Kisha kila mmoja alieleza kwa shanga yale aliyoyaelewa au aliyoyaona kwao. Wakatokea wanasesere waliovaa utepe mwekundu, wengine wakionyesha mgonjwa na mauti.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Kwa Wazulu, shanga zilikuwa barua tangu zamani. Rangi na mpangilio wake vilibeba ujumbe, hasa wa mapenzi. Mwanamke aliyeulizwa habari za mwanasesere wake alieleza habari za mwanasesere, si zake. Heshima haikuvunjwa, na ukweli ukasemwa. Aliyedhani yuko peke yake na msiba wake akagundua kwamba jirani yake naye ameshona msiba huo huo.

Hesabu za mkulima

Kwetu sisi wachumi wa kilimo, habari hii ina upande mwingine. Ugonjwa wa muda mrefu hauondoi nguvukazi ya mtu mmoja shambani, huondoa ya wawili: mgonjwa na anayemuuguza. Palizi huchelewa, mavuno hupungua, mbuzi huuzwa kulipia matibabu. Kazi ya shanga haidai nguvu za jembe. Hufanywa mtu akiwa amekaa, huachwa mgonjwa anapoita, na huendelea usiku. Kwa kaya iliyopungukiwa mikono, hicho si kipato kidogo cha kubezwa.

Hata hivyo, kipato hicho lazima kihesabiwe. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwanasesere anauzwa Sh12,000. Shanga, kitambaa na uzi vimegharimu Sh4,000. Nauli na kamisheni ya duka Sh3,000. Zinabaki Sh5,000. Ikiwa ameshonwa kwa saa 10, fundi amelipwa Sh500 kwa saa. Linganisha na kibarua cha palizi kijijini kwako. Kama ni wakati wa kiangazi, ambapo kibarua hakuna, Sh500 ni faida. Kama ni wakati wa palizi, na mwenye afya ameliacha shamba lake kwa ajili hiyo, huenda ni hasara.

Tatizo la pili ni soko. Huko huko Afrika Kusini kuna mifano ya kutazama. Monkeybiz, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 2000, ilijenga jina kwa wanasesere wasiofanana, kila mmoja akiwa na jina la aliyemtengeneza. Mnunuzi alipata kazi ya msanii, na fundi aliweza kushona akiwa nyumbani kwake. Mradi wa Woza Moya, wa kituo cha UKIMWI cha Hillcrest karibu na Durban, ulipata wanunuzi hadi Kanada kwa wanasesere wake wadogo wa shanga.

Lakini mnunuzi anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Anayependa kazi hurudi. Na kikundi kinachotegemea watalii peke yao kipo hatarini. Mipaka ilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mtalii hakuonekana dukani kwa miezi mingi.

Inafaa kwetu?

Mwanasesere mwenye maana si mgeni katika Afrika Mashariki. Wazaramo wa mkoa wa Pwani wana mwana hiti, anayetumika katika malezi ya mwali. Na mabinti wangapi vijijini wamebeba mgongoni mtoto wa gunzi la mahindi? Malighafi nazo zipo: vipande vya kitenge vinavyotupwa na mafundi cherehani, sufi, maganda ya mahindi, magome makavu ya mgomba.

Kikundi cha akina mama, au cha kuweka na kukopa, kinachotaka kujaribu kianze baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi. Kikubaliane mapema kwamba yanayosemwa kwenye mkeka hayatoki nje. Kimwalike mhudumu wa afya wa kijiji, kwa sababu kushona pamoja hupunguza upweke lakini si badala ya dawa wala ya ushauri wa kitaalamu. Kiweke daftari la gharama tangu mwanasesere wa kwanza, na kila mwanachama ajue mauzo yalikuwa kiasi gani na fedha zimekwenda wapi. Vikundi vingi huvunjika kwa fedha zisizoeleweka, na kikivunjika kwa fedha, ule mkeka wa kuzungumzia nao umekunjwa.

Jambo la mwisho ni la kutenganisha. Si kila kinachoshonwa ni bidhaa. Mama aliyemshona mwanasesere kwa kumkumbuka mwanawe aliyefariki anaweza kuletewa mnunuzi mwenye fedha nzuri, na kikundi kikamshawishi auze kwa kuwa ada ya mwezi haijatimia. Kisimshawishi. Wa sokoni waandikwe katika daftari na kupangiwa bei. Huyo mmoja arudi naye nyumbani.