Chipsi Mayai Sio Mkataba

Oya masela, kuna stori imezoeleka vijiweni na leo inabidi tuichane. Demu kala nauli. Mshkaji kamtumia hela kwa simu, kamnunulia chipsi mayai, kampa lifti ya boda akitoka shule. Siku manzi akikataa na jamaa akatumia nguvu, kijiwe kizima kinageuka mahakama, na anayesomewa mashtaka ni binti: alijilengesha, alivaa vile, usiku ule alifuata nini?

Tuanze na huo usiku. Pale Mtera, kwenye barabara ya Dodoma–Iringa inayopita juu ya bwawa, basi likisimama giza limeshaingia unakuta mabinti wanakimbilia madirishani na perege wa kukaanga. Hakuna msela anayewauliza usiku huu mnafuata nini. Wanasaka hela, wote tunajua, na samaki tunanunua. Sasa binti huyohuyo akivamiwa akirudi home, saa ileile inageukaje kosa lake? Hapo tunazingua, mwanangu.

Na sio masela peke yao. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti wa Yombo Dovya, Dar, akifanyiwa unyama na kundi la vijana. Kamanda wa polisi wa mkoa wetu wa Dodoma akanukuliwa akisema binti yule alikuwa kama anajiuza. Watu wakachachamaa kinoma. Jeshi la Polisi likaomba radhi, kamanda akahamishwa. Septemba 30, mahakama ya hapahapa Dodoma ikawapiga washtakiwa wanne kifungo cha maisha, na kila mmoja amlipe binti shilingi milioni 1. Maneno ya kujiuza hayakuwasaidia kitu.

Kuhusu dogo wa sekondari hakuna hata mjadala. Chini ya miaka 18, hata kama alisema poa, mbele ya sheria huo ni ubakaji, na miaka 30 jela inakusubiri.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana ni 1 kati ya 7, na huyo naye tutasema alivaa kimini? Maana yake kwenye kila kijiwe, kila darasa, yupo aliyepitia. Tunapomchamba binti wa watu kwa sauti, yeye kakaa pembeni anasikiliza. Anapima atachukuliwaje akifungua mdomo, na anakausha. Mwaka mzima anapishana na aliyemtenda pale mwaloni, na sisi tunamwita jamaa mwana.

Kwa hiyo mshkaji akianza na habari za nauli yake, mkatishe hapohapo, tena mbele za watu. Kama ni hela, amdai hela.

Na dada, mdogo wako au mwana akikufuata kukwambia yamemkuta, acha maswali ya nguo. Asioge kwanza, nguo zile asizifue. Msindikize hospitali fasta, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, mpate fomu ya PF3. Akiwa mtoto, piga 116, ni bure.