Valvu: Kifaa kidogo kinachobeba usalama wa viwanda

ASUBUHI ya Septemba 12, 2011, mafuta ya petroli yalivuja kutoka kituo cha kampuni ya Kenya Pipeline (KPC) katika Eneo la Viwanda, Nairobi, yakaingia katika mtaro unaopita mtaa wa mabanda wa Sinai. Wakazi walipokuwa wakiyateka kwa ndoo na mitungi, moto ulilipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki.

Wakuu wa sekta ya kawi walieleza wakati huo kuwa gasketi ya valvu ilishindwa kuhimili shinikizo. Gasketi ni kipande chembamba kinachokazwa kati ya vyuma viwili ili pasipenye kitu. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bomba inalolilinda, lakini ikipasuka, uimara wa bomba lote haufai kitu.

Ndiyo maana wahandisi hawaitazami valvu kama kifaa kimoja, bali kama mkusanyiko wa sehemu ambazo kila moja ina udhaifu wake.

Kazi ya valvu ni kufungua, kufunga au kupunguza mkondo wa maji, mafuta, gesi au mvuke. Sehemu ya kwanza ni mwili wake, yaani chuma kinachounganishwa na bomba pande zote mbili. Juu ya mwili hukaa kifuniko kilichofungwa kwa bolti, na kati ya viwili hivyo ndipo gasketi huwekwa.

Ndani mna lango, ambalo huteremka kuziba njia. Lango hilo hukalia duara la chuma lililosuguliwa hadi likawa laini, ambalo mafundi huliita kiti. Lango huinuliwa na kuteremshwa na ufito unaozungushwa kwa mkono au kwa mota. Pale ufito unapopenya kifuniko, nyuzi maalumu hushindiliwa kuuzunguka ili kuzuia uvujaji.

Kwa hivyo, valvu inaweza kuvuja kwa njia tatu: kupitia mwili au gasketi, kando ya ufito, ama ndani kwa ndani kati ya lango na kiti. Uvujaji huu wa tatu ndio mgumu kugundua, kwa kuwa kwa nje kila kitu huonekana kikavu.

Ukaguzi huanza kiwandani kabla ya valvu kuuzwa. Kwanza, mkaguzi huhakikisha kuwa aina ya chuma iliyoandikwa katika cheti ndiyo iliyotumika, kisha hupima unene wa mwili. Nyufa zisizoonekana kwa macho hutafutwa kwa rangi maalumu inayopenya chumani, au kwa eksirei.

Baadaye huja majaribio ya shinikizo. Kanuni nambari 598 ya Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), ambayo hutumiwa katika mataifa mengi, huagiza mwili ujaribiwe kwa shinikizo mara moja na nusu ya kiwango ulichokadiriwa kuhimili. Valvu ya paundi 200 kwa kila inchi mraba, kwa mfano, hujaribiwa kwa paundi 300.

Jaribio hilo hufanywa kwa maji wala si hewa. Sababu ni kwamba maji hayashindiliki kwa urahisi, hivyo chuma kikipasuka nguvu huisha papo hapo. Hewa iliyoshindiliwa, kinyume chake, hulipuka na kurusha vipande. Valvu ndogo ya inchi mbili hushikiliwa katika shinikizo hilo kwa sekunde 15, nayo ya inchi 14 au zaidi kwa dakika tano.

Kisha valvu hufungwa ili kiti kijaribiwe. Aghalabu hapa hewa ya shinikizo dogo, kati ya paundi 60 na 100, hutumiwa. Shinikizo kubwa linaweza kulisukuma lango likabana kwenye kiti na kuficha kasoro, ilhali hewa hupenya mwanya mdogo kabisa na kutoa viputo majini.

Hata hivyo, valvu iliyofaulu kiwandani inaweza kuharibika kazini. Kutu hula mwili, mchanga hukwaruza kiti, na valvu isiyozungushwa kwa miaka hukwama siku inapohitajika.

Katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, mnamo Machi 28, 1979, valvu ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikakwama. Taa katika chumba cha udhibiti iliwafanya wahudumu waamini kuwa imefungwa, kwa sababu ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Maji ya kupoza yalimwagika kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha mtambo kikayeyuka.

Rekodi nazo ni sehemu ya ukaguzi. Mnamo Julai 6, 1988, katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa ili ifanyiwe ukaguzi. Wafanyakazi wa zamu ya usiku hawakufahamu hilo. Walipoiwasha pampu, gesi ilivuja na kulipuka. Watu 167 waliangamia.

Funzo hilo linahusu pia viwanda vya majani chai na sukari hapa nchini, ambavyo hutegemea boila za mvuke. Valvu ya usalama ya boila hushikiliwa na springi, na inapaswa kujaribiwa mara kwa mara ili ithibitike kuwa hufunguka katika shinikizo lililowekwa. Baada ya kila jaribio, tarehe, kipimo kilichopatikana na jina la fundi yapasa kuandikwa, na zamu inayoingia isome kabla ya kugusa mtambo.