Kodi ikifutwa, mbona ‘kila kitu buku’ bado ni buku?

Nachingwea/Ruangwa. Ukipita sokoni Nachingwea au Ruangwa, hasa malipo ya korosho yakishaingia, utasikia kipaza sauti: “Kila kitu buku! Chagua mwenyewe!” Vikombe, vitana, sabuni, soksi, pedi, vyote bei moja. Mama mwenye bajeti finyu hupenda maduka haya kwa sababu halazimiki kubishana bei, na anajua fedha aliyonayo itatosha.

Lakini Serikali ikipunguza kodi, bei hiyo moja hushuka?

Tuliliona jibu kwenye taulo za kike. Julai 2018 Serikali ilizisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo ni asilimia 18, ili wasichana wazimudu na wasikose shule. Mwaka mmoja baadaye, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dk Philip Mpango, alirejesha kodi hiyo kwa maelezo kuwa bei haikushuka na walionufaika ni wafanyabiashara.

Kwa nini bei hugoma

Tufanye hesabu. Bidhaa ya Sh1,000 yenye VAT ndani yake hubeba kodi ya takriban Sh153. Kodi ikiondoka yote, bei ingekuwa Sh847. Muuzaji wa bei moja hawezi kutangaza “kila kitu 847”. Buku ndiyo jina la duka lake, na chenji yenyewe ni shida.

Pili, maduka mengi madogo hayajasajiliwa VAT, kwani usajili huanzia mauzo ya Sh200 milioni kwa mwaka. Kodi hiyo huja imefichwa ndani ya bei ya jumla. Asipopunguza aliyemuuzia mzigo Kariakoo, mwenye duka wa Ruangwa hana cha kupunguza, na nauli ya mzigo iko palepale.

Tatu, msamaha si sawa na kutoza asilimia sifuri. Kiwanda kinachotengeneza bidhaa iliyosamehewa hulipa VAT kwenye malighafi na vifungashio bila kurejeshewa, hivyo sehemu ya kodi hubaki kwenye bei.

Angalia idadi, siyo bei

Katika duka la bei moja, mabadiliko huonekana ndani ya pakiti. Gharama zikipanda, sabuni huwa nyembamba na pedi hupungua. Zikishuka, muuzaji mwenye washindani huleta pakiti kubwa zaidi au bidhaa bora. Asiye na mshindani huweka faida mfukoni.

Kwa hiyo mzazi, gawanya bei kwa idadi. Tuseme pakiti ya Sh1,000 ina pedi nne. Kila moja ni Sh250. Pakiti ya Sh2,000 katika duka jirani ina kumi. Kila moja ni Sh200. Nyumba yenye mama na mabinti wawili wanaotumia jumla ya pedi 45 kwa mwezi itaokoa Sh2,250, yaani Sh27,000 kwa mwaka. Hizo ni madaftari ya muhula na chenji inabaki.

Tatizo ni kwamba mwenye Sh1,000 mkononi hawezi kununua pakiti ya Sh2,000, na mara nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa kila pedi. Hapa majirani wawili wanaweza kuchanga na kugawana. Familia za wakulima nazo zinaweza kununua za miezi kadhaa msimu wa korosho, kabla fedha hazijaisha, na kuzihifadhi pakavu.

Baba naye asijitoe. Akiwa ndiye anayeshika fedha za mnada, pedi za binti ziingie kwenye orodha yake pamoja na unga na ada.

Bajeti ya Serikali husomwa Juni na kodi mpya huanza Julai. Ukisikia bidhaa fulani imepunguziwa kodi, nenda dukani ukahesabu vilivyomo kwenye pakiti, kisha rudi uhesabu tena baada ya miezi miwili. Muuzaji akijua wateja wanahesabu, naye hupunguza.