Jati katika hesabu ya kijiji cha India

Katika majedwali ya hesabu ya watu ya India ya mwaka 2011, kila kijiji kina mstari wake, hata kile chenye nyumba thelathini tu. Humo mna idadi ya kaya, ya wanaume na wanawake, ya watoto wasiotimiza miaka 7, ya wajuao kusoma, ya wakulima na ya vibarua wa mashambani. Tarakimu hizo zahitaji kusomwa kwa hadhari. Mtoto wa miaka 6, kwa mfano, huhesabiwa kuwa hajui kusoma, hata akiwa anasoma barabara.

Kuhusu muundo wa jamii, mstari huo una safu mbili pekee: jati zilizoorodheshwa, yaani zile ambazo zamani zilitengwa kwa kudhaniwa najisi, na makabila yaliyoorodheshwa. Orodha zenyewe ni za kisheria, na kila jimbo lina yake. Kwa hiyo sifuri katika safu ya makabila kijijini Punjab au Haryana haithibitishi kwamba hakuna watu wenye asili hiyo. Majimbo hayo hayakuwa na kabila lolote lililoorodheshwa. Vivyo hivyo kwa dini: amri ya mwaka 1950 ililenga Wahindu, Masingasinga wakaongezwa kikamilifu mwaka 1956 na Wabudha mwaka 1990. Mwislamu au Mkristo wa ukoo uliotengwa vilevile hahesabiwi humo.

Hapa mfasiri wetu hupata taabu. Je, jati ni kabila? La, maana jati nyingi za kijiji kimoja husema lugha moja. Ni tabaka? Neno hilo latufikirisha mali, ilhali mtu huzaliwa katika jati yake, huoa humo, na akitajirika haitoki. Afadhali tuseme jati, mradi msomaji asilichanganye na jadi, neno lililotujia kutoka Kiarabu.

Wanakijiji waliobaki, ambao mara nyingi ndio wengi, hawana safu. Mwenye ardhi, kuhani, mfinyanzi na mchungaji wamo katika jumla moja isiyo na jina. Mtaalamu M. N. Srinivas alionyesha uzito wa jambo hilo. Mwaka 1948 alikaa karibu na Mysore, katika kijiji alichokiita Rampura, chenye watu 1,523. Karibu nusu yao walikuwa Waokkaliga, jati ya wakulima. Wabrahmani walikuwa wachache mno, ingawa kidini walishika daraja la juu. Waliokuwa wakiamua magomvi na kugawa kazi walikuwa wakuu wa Waokkaliga, kwani walikuwa na ardhi na watu. Srinivas aliita kundi la namna hiyo jati tawala.

Hesabu ya mwaka 1931, chini ya Waingereza, ndiyo ya mwisho iliyochapisha idadi za jati zote. Mwaka 2025 serikali ya India iliamua kwamba hesabu ijayo itamwuliza kila mtu jati yake. Wanaoipinga wahofia kwamba swali hilo litaimarisha mipaka. Wanaoitaka wajibu kwamba nafasi za shule na kazi hugawanywa kwa makundi, na haiwezekani kugawa kwa haki bila kujua idadi. Hoja ya pili yaonekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini idadi ya jati bila eneo la mashamba yake haitatuambia bado nani anamwajiri nani kijijini.