Hoteli ya bei rahisi inaweza kukula pesa zote

Mwaka jana pesa ya likelemba ilitupeleka Livingstone, Zambia, kupitia Kasumbalesa. Nilichagua hoteli ya bei rahisi, mbali na mji. Kila chakula kilidai taksi. Siku ya tatu mfuko ulikuwa mtupu. Tulirudi bila kuona maporomoko, watoto wakilia.

Mwaka huu tulilala katikati ya mji, karibu na barabara ya Mosi-oa-Tunya. Sokoni na kwenye jumba la makumbusho, lililoanza mwaka 1934, tulienda kwa miguu. Taksi tuliilipia siku moja tu, ya maporomoko, kilomita kama 10.

Mama, kabla ya kulipa uliza: Soko liko mbali? Chumba kinapokea watoto wangapi? Chai ya asubuhi imo ndani ya bei?